Kochi Langu Limefungwa Hogo

Kuna springi moja kwenye kochi langu la watu watatu ambayo sisi wa nyumba hii tunaijua kama tunavyomjua mbwa wa jirani. Iko upande wa kushoto, karibu na mkono. Ukikaa kwa adabu inakuvumilia. Ukijisogeza kidogo kufuata rimoti, inakukumbusha kwamba seti hii ilinunuliwa mwaka 2008. Wenyeji haituumizi, maana tumeshajifunza kukaa kimshazari, nyama zote upande mmoja, kama abiria wa daladala aliyeachiwa nusu kiti. Anayeumia ni mgeni, na mgeni halalamiki. Ameshakaribishwa, ataanzia wapi?

Siku linaingia ndani, kochi hilo lilikuwa rangi ya damu ya mzee. Leo mzee mwenyewe ameishiwa damu. Jua la dirishani limelamba mgongo mpaka umefanana na chai ya rangi iliyolala. Mikono inang'aa kwa viganja vya watoto wanne. Na pale pa kuegemeza kichwa pana maduara matatu meusi ya mafuta ya nywele, utadhani tuliwahi kupanga vikaango.

Mama watoto aliyafunika maduara hayo zamani, kwa vitambaa vya kufuma. Watu hudhani vile vitambaa ni urembo. Ule ni ushahidi uliofichwa, basi tu. Hata Waingereza wa karne ya 19 yaliwakuta: wanaume wao walijipaka mafuta ya nywele yaliyoitwa Macassar, kwa jina la bandari ya Makassar iliyoko Indonesia ya leo, na migongo ya viti ikaharibika mpaka wake zao wakaanza kuitandikia vitambaa. Wakavipa vitambaa hivyo jina lenye maana ya kinga ya Macassar. Kwa hiyo mama watoto wangu na mabibi wa enzi za Malkia Victoria wana adui mmoja, nacho ni kichwa cha mwanamume.

Tungeendelea hivyo hivyo na vitambaa vyetu mpaka kiama, lakini binti yangu mkubwa akaposwa. Barua ikaja, ikajibiwa, ikapangwa kwamba baada ya majuma mawili wazee wa upande wa pili watakuja kuzungumza mahari. Mama watoto akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akayatazama makochi kama anayasoma.

"Baba, hawa watu watapanga bei ya mtoto wetu wakiwa wamekaa juu ya haya?"

"Mahari si bei," nikamjibu. Ndilo jibu pekee nililokuwa nalo lisilo na gharama.

Hakunijibu. Akamwita fundi kutoka Keko.

Mtu wa Dar es Salaam haambiwi Keko ni nini. Kwa ndugu zetu wa mbali, ni pale Temeke ambapo makochi hukaa nje barabarani yakiwa uchi, mbao na mikanda tu, yakisubiri kuvishwa, na ukipita na shati jeusi unatoka na la kijivu kwa vumbi la randa. Fundi aliyekuja hakukitazama kitambaa hata kidogo. Alilipindua kochi miguu juu, akachana kile kitambaa cheusi cha chini, akagonga fremu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Mninga," akasema kwa huzuni, kama aliyekutana na mtu aliyesoma naye darasa la kwanza. "Siku hizi tunaweka paini. Mzee, fremu hii itakuzika."

Kisha akaanza kusoma mashtaka. Mikanda imelegea. Springi tatu zimekufa, moja imechanganyikiwa. Sponji imekuwa chapati. Kitambaa cha seti nzima, mita 22. Jumla laki sita na nusu, nusu yake itangulie ili akanunue vifaa Kariakoo.

"Na ukibadilisha kitambaa tu?"

"Kitambaa tu ni kumvisha maiti suti, mzee."

Nikamwambia nitampigia. Katika mji huu "nitakupigia" ni kwaheri ya watu wastaarabu.

Usiku ule sikulala. Laki sita na nusu zilikuwa zimelala upande wangu wa kitanda. Nikachukua simu, na huko ndiko nilikokutana na yule mama wa Kizungu. Sura yake siikumbuki, ila nakikumbuka kiti chake. Kiti kilianza kikiwa kimechoka kuliko mimi. Akakipulizia maji, akakipaka rangi kwa brashi, moja kwa moja juu ya kitambaa, muziki ukilia taratibu. Dakika 2 na sekunde 40 kiti kikawa kipya, na yeye amekaa juu yake anakunywa chai. Nikakaa kitandani wima. Kumbe kitambaa kinapakwa rangi! Na sisi miaka yote tunawalisha mafundi!

Nikachimba zaidi. Nikakuta kwamba kuna mwanamke wa Oxford, Uingereza, aitwaye Annie Sloan, ambaye mwaka 1990 alitengeneza rangi yake akaiita Chalk Paint, na kwamba watu huipaka kwenye makabati, meza, mapazia, hata viti vya kitambaa. Sina ugomvi naye hata chembe, naomba hilo lieleweke mapema. Rangi yake sijawahi kuishika. Nilichoshika mimi ni jina lake la chaki, na aliyenishikisha ni shemeji.

Kila ukoo umejaliwa shemeji mmoja ambaye hajasomea kitu na hakuna asichokijua. Wetu alikuja asubuhi kunywa chai, nikamwonyesha ile video, akacheka kwa pua.

"Chaki ni kitu gani, shemeji? Si jipsamu tu hiyo? Chaki za shule zinatengenezwa na nini?"

Hapo hakukosea. Chaki nyingi za ubaoni ni jipsamu kweli. Ubaya wa watu kama shemeji ni kwamba huanza na neno moja la kweli, halafu wewe mwenyewe unawamalizia uongo. Nilikuwa na nusu mfuko wa unga wa jipsamu uliobaki tulipotengeneza dari. Nilikuwa na nusu ndoo ya rangi ya maji, krimu, iliyobaki tulipopaka kuta. Nikajumlisha gharama, nikapata sifuri. Nimesoma hesabu mpaka kidato cha nne na sijawahi kupata jibu tamu kama lile.

Binti yangu, mwenye posa, alijaribu kuniokoa. Alikuja na simu yake akasoma maelekezo ambayo mimi niliyaruka ili kuwahi picha. "Baba, wanasema rangi iwe nyembamba kama maziwa. Wanasema ukitumia rangi ya ukutani kuna dawa ya kuchanganya, ili kitambaa kibaki laini. Na wanasema kitambaa chenye manyoya hakifai, kinakuwa kigumu."

Kochi letu ni mahameli. Lina manyoya kuliko paka wa shangazi yake.

"Mwanangu," nikamwambia, "hayo ni maelekezo ya nchi za baridi."

Kazi ilianza Jumamosi barazani. Kwanza nikalisafisha. Ndani ya kochi la watu watatu nilikuta shilingi 1,350 za sarafu, kalamu saba, kijiko ambacho msichana wa kazi wa mwaka 2014 alikaripiwa kwa ajili yake, na rimoti ya televisheni tuliyokwishaiuza. Msichana yule popote alipo, naomba radhi.

Kisha nikachukua chupa ya mama watoto ya kupulizia nywele, nikalilowesha kochi kama nilivyomwona yule mama. Nikapaka. Mahameli ikainywa rangi kama mchanga wa jangwani unavyokunywa maji, ikabaki inaniangalia. Kochi lilikuwa jekundu lililoiva, nami nalipaka krimu, jambo ambalo mtoto yeyote wa chekechea mwenye kalamu za rangi angenikataza, maana giza hulifuniki kwa mwanga bila kurudia na kurudia. Mkono wa kwanza ulitoa rangi ya ufizi. Wa pili ulitoa rangi ya plasta ya kidonda. Huyo mama wa video alipaka tabaka jembamba, akalisugua kwa msasa laini, akapaka jingine. Mimi nilikuwa na mkono wa tatu, wa nne na wa tano, kila mmoja mzito kama uji wa mgonjwa.

Jirani akapita, akasimama kwenye ua.

"Mzee, naona unapaka nyumba."

"Ndiyo."

"Mbona umeanzia kwenye kochi?"

Nikajifanya sikusikia.

Katikati ya mkono wa nne simu ikaita. Nikazungumza kidogo tu, salamu na habari za kijijini. Niliporudi, brashi ilikuwa imesimama yenyewe katikati ya ndoo kama mlingoti wa bendera. Nikaivuta, ndoo ikaja nayo. Ndipo nilipofundishwa na kidato cha nne kilekile kilichonipa sifuri tamu. Unga wa jipsamu ni mwamba uliochomwa mpaka ukapoteza robo tatu ya maji yake. Ukiupa maji, unayarudisha mwilini yote uliyonyang'anywa, na dakika chache baadaye umerudi kuwa mwamba. Mafundi wa dari wanalijua hili, ndiyo maana huchanganya kidogo kidogo na hawapokei simu.

Na rangi ya maji nayo ina siri yake. Ndani yake zinaelea chembe ndogo ndogo za plastiki. Maji yakikauka, chembe zile hushikana na kufanya ngozi moja. Ukutani hilo ni jema, kwa sababu hakuna mtu anayekalia ukuta. Kwenye kitambaa, ngozi hiyo hukamata kila unyoya na kuufunga kwa mwenzake, na ile dawa aliyoisema binti yangu ndiyo inayoilainisha ipate kujikunja. Mimi sikulainisha kitu. Niliongeza mawe.

Ilikuwa Aprili, masika imeshika. Hakuna kilichokauka kwa haraka isipokuwa kile kilichokuwa kwenye ndoo. Siku nne makochi yalikaa barazani yakipepewa na feni, sisi tukiangalia taarifa ya habari tukiwa mkekani. Siku ya tano tukayaingiza.

Na hapa lazima niseme ukweli wa Mungu: yalipendeza! Ukisimama getini, mlango ukiwa wazi, ungedhani tumehamia kwa balozi. Nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi la ukoo. Dada yangu aliyeko Tanga akauliza duka. Shemeji akaweka vidole gumba vitano. Mama watoto mwenyewe alitabasamu, na mama watoto si mtu wa kutabasamu mbele ya kitu nilichokitengeneza.

Kisha mdogo wetu wa mwisho akatoka shule, akatupa begi, akarukia kochi kama kawaida yake.

Kacha!

Ulikuwa mlio wa mtu aliyekanyaga trei ya mayai. Kikafuatia kimya, halafu kacha nyingine ndogo ndogo, zikikimbia kutoka alipokaa mtoto kuelekea mikononi. Mtoto akainuka taratibu. Mahali pale palikuwa na ufa umetambaa kama ramani ya Mto Rufiji na vijito vyake vyote, na ndani ya ufa, nyekundu kabisa, damu ya mzee ilikuwa inachungulia.

Nikakaa mwenyewe kuhakikisha. Kacha. Nikajisogeza. Kacha kacha. Nikapapasa kiti kwa kiganja: kilikuwa kama ukuta wa nje uliotupiwa saruji. Nilipoinuka, suruali yangu ya nyuma ilikuwa nyeupe kama ya mtu aliyekalia ubao wa maandazi.

Shemeji, aliyekuja kupokea pongezi, akakigonga kiti kwa kidole. Ko, ko, ko. Akatikisa kichwa kama daktari bingwa.

"Hili," akasema, "limefungwa hogo."

Naye kwa mara ya pili katika habari hii alisema kweli. Lile hogo wanalomfunga mchezaji aliyevunjika mguu linatengenezwa kwa unga uleule wa jipsamu iliyochomwa. Wazungu huuita kwa jina la Paris, kwa sababu chini ya kilima cha Montmartre walikuwa wanachimba jipsamu. Kwa hiyo nilikuwa nimeyafunga makochi manne hogo la Paris, siku mbili kabla ya wakwe kufika.

"Yafunike na vitambaa," nikamwambia mama watoto.

"Vitambaa vinafunika mafuta," akanijibu. "Havifuniki mlio."

Jumapili ikafika. Kwa mila zetu baba wa binti haketi kwenye mazungumzo ya mahari. Kaka yangu aliongoza upande wetu, pamoja na shangazi yake binti na mjomba wake. Mimi nilifungiwa chumbani, mlango umerudishwa, sikio kwenye tundu la ufunguo. Wageni walikuwa watano, wanne wazee na mshenga, na kwa heshima zote wakakaribishwa kwenye makochi. Watu wetu wakachukua viti vya plastiki vya kuazima.

Maneno mengine sikuyasikia, lakini sikuyahitaji. Mazungumzo yote niliyafuata kwa mlio. Kacha tano kubwa: wageni wamekaa. Halafu kimya kirefu mno, kila mmoja wao amegundua kwamba ni yeye. Kacha moja fupi: mzee anapokea soda. Mshenga akaanza na zile tungo zao, kwamba wameliona ua zuri katika bustani hii, na alipofika kwenye ua akainua mkono kuonyesha bustani, kacha! Akaushusha mkono. Kacha. Ua likaachwa hapo hapo bila kuchumwa.

Kaka yangu akataja mahari. Kwa kawaida hapo ndipo wazee wa upande wa pili hujinyoosha, wakaegemea nyuma, wakainamiana sikioni, wakaguna, wakaomba kutoka nje kidogo wakashauriane. Lakini ili uegemee lazima ujisogeze. Nikasikia kacha ya mtu anayetaka kuinamia sikio la mwenzake, halafu ikakatika katikati. Hakuna mzee mwenye heshima zake anayetaka kuonekana amevunja kochi jipya la ukweni. Upande wetu nao, kwenye plastiki, walikuwa wanajigeuza watakavyo, wanaegemea, wanapunga mikono, mjomba hata alikunja nne.

Dakika 25 mambo yakawa yamekwisha, na hakuna kilichopunguzwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini sidhani walitarajia apone kwa njia hii. Wageni waliaga wima kama askari wa gwaride. Niliwachungulia dirishani wakielekea kwenye gari: suti nne nyeusi na kanzu moja, na ile kanzu peke yake ndiyo haikuonyesha kitu. Nikamwonea wivu aliyeivaa kwa busara yake.

Nilitoka chumbani kifua mbele. Nilitaka kusema kwamba sasa mnaona, rangi imejilipa. Mama watoto alikuwa amepiga magoti na kifagio anazoa unga sakafuni.

"Mpigie fundi," akasema bila kuinua kichwa. Nikampigia. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kwamba "nitakupigia" ilitimia.

Fundi alikuja, akalizunguka kochi mara mbili, hakucheka. Nilitamani acheke. Akagonga, akasikiliza, akaingiza kisu pembeni na kuanza kuchuna. Kitambaa kilitoka kipande kizima kizima, mgongo, kiti, mikono, kila kimoja kimesimama chenyewe kama kadibodi. Akaviegemeza ukutani, akavitazama kwa muda.

"Laki nane," akasema.

"Ulisema sita na nusu!"

"Sita na nusu ilikuwa ya kochi, mzee. Hili ni jengo."

Unga umeingia kwenye sponji, akanieleza, na kila stepla ameikuta imezikwa. Nikalipa. Lakini alipokuwa anapakia, nikaona vile vipande vyangu vya krimu anavifunga kwa kamba vizuri kabisa, anavilaza juu ya gari kwa uangalifu kuliko hata ile mninga. Nikamuuliza anavipeleka wapi. Akanifundisha kwamba fundi hakati kitambaa kipya kwa kukisia. Hulichuna vazi la zamani, akalilaza juu ya jipya, akalifuata pembeni. Tatizo ni kwamba la zamani hujikunja, hunyooka, hupotosha kipimo. La kwangu halipotoshi.

"Mzee," akasema kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata kwa kazi nyingine yoyote ya mikono yangu, "kiolezo hiki kitadumu mpaka wajukuu."

"Basi nipunguzie kidogo, kama bei ya kiolezo."

Mama watoto alikuwa mlangoni. "Kiolezo si bei," akasema.

Makochi yamerudi, ya kijivu, laini, springi zote zina akili. Mama watoto ameyatandika vitambaa vipya vya kufuma na ametangaza kwamba ni ya wageni, kwa hiyo haya nayaandika nikiwa kwenye kiti cha plastiki tulichosahau kurudisha.

Juzi nilipita Keko kwa daladala. Foleni ikatusimamisha mbele ya karakana ile ile. Na hapo mlangoni, juu ya msumari, ulikuwa umening'inia mgongo wangu wa krimu, nyufa zake zote na damu ya mzee ikichungulia, na juu yake fundi ameandika kwa kalamu nene: MZEE WA HOGO, WATU 3. Abiria wa dirishani wakaanza kuusoma kwa sauti. Nikainama haraka, kama mtu anayefunga kamba za viatu.

Nilikuwa nimevaa ndala.